Ndoo Arobaini, Akili Bado

1 Septemba, Jumanne

Mke wangu Floarea amekufa leo saa moja asubuhi. Moyo. Alikuwa anamenya vitunguu vya supu. Kimoja kilibaki nusu. Nimekimalizia mimi.

Naandika nyuma ya daftari lake la mapishi, tarehe isinipotee.

3 Septemba

Tumezika. Jua kali. Saftica, mjane wa nyumba ya pili, alilia kuliko wote. Akanyamaza, akahesabu sahani zake tulizoazima, akalia tena.

4 Septemba

Nimekwenda machimboni. Nyapara wetu Gogu, binamu wa marehemu, akaninyooshea helmeti. Nikamwambia nimefiwa, siku arobaini sinyoi ndevu wala sivai kitu kichwani. Analijua hilo, ni mtu wa hapahapa.

"Najua, shemeji. Jiwe ndilo halijui."

"Nitaangalia juu."

"Ukiangalia juu, chini nani atavunja? Nenda nyumbani. Arobaini ikiisha rudi na kichwa chako, kofia ipo."

Miaka ishirini na sita navunja mawe. Sijawahi kukaa nyumbani siku mbili mfululizo. Kumbe saa ya ukutani inapiga kelele namna ile.

5 Septemba

Ndoo ya tano. Nahesabu humu kwa sababu fimbo nimeichoma.

Maiti wa kwetu huwa na kiu. Siku arobaini mtu anateka maji chemchemini, ndoo moja kila asubuhi, anampelekea jirani kwa jina la marehemu. Njiani hasemi neno. Jirani akinywa hapa, marehemu anakunywa kule. Ni kazi ya wasichana, lakini wasichana wetu wote wako Italia wanaogesha wazee wa watu. Nimebaki mimi, miaka sitini na moja, goti bovu.

Kila ndoo huchongewa alama kwenye fimbo. Nilichonga nne, nikaiegemeza karibu na jiko. Leo nimewashia moto.

Saftica akasema, "Umechoma hesabu ya mkeo!"

6 Septemba

Ndoo ya 6. Anayepokea ni Saftica, ndivyo Floarea alivyotaka. Saftica ana bomba jikoni, maji yanatoka usiku na mchana. Anapokea ndoo, anasema, "Mungu amlaze pema," halafu anachungulia ndani. "Ya jana ilijaa zaidi."

8 Septemba

Ndoo ya 8. Gogu amegundua kwamba nikibeba maji siwezi kujibu. Leo amenisubiri njiani.

"Shemeji! Kama unakubali kwamba mimi ndiye mwanamume mwenye sura nzuri kuliko wote kijijini, usiseme kitu."

Sikusema kitu.

"Asante! Na kama unakubali ule msumeno wangu uliovunjika ni wewe uliyeuvunja, nyamaza hivyohivyo."

Msumeno aliuvunja mwenyewe.

9 Septemba

Ndoo ya 9. Nimenyamazishwa tena. Sasa inaonekana nimekubali pia kumchumia plamu zake.

12 Septemba

Ndoo ya 12. Kesho Jumapili lazima nimpe padri karatasi ya majina. Upande mmoja walio hai, upande wa pili wafu, padri anayasoma yote. Floarea ndiye aliyekuwa anaandika kila wiki. Mimi nilikuwa nasimama nje ya kanisa na wanaume wengine tukiongea habari za mvua.

Nimeitafuta yake ya kunakilia nikaipata kwenye droo ya vitambaa. Imechakaa kama noti. Hai: Pantelimon, Saftica, Gogu, meya. Wafu: baba yake, mama yake, na Zamfir, marehemu mume wa Saftica.

Lakini mbele ya jina langu ameandika: akili na ufahamu.

Mbele ya Saftica hakuna kitu. Mbele ya Gogu hakuna. Hata meya hakuna, na yule ndiye aliyejenga daraja pasipo na mto.

Kwa hiyo kila Jumapili, miaka thelathini na moja, mke wangu alikuwa anampelekea Mungu habari kwamba sina akili. Kwa maandishi. Na padri akisoma.

Nimenakili kama ilivyo. Floarea nimemwongeza kwa wafu. Kwa walio hai sikukumbuka kumfuta. Kisha nikachora msalaba juu ya ukurasa wa walio hai, Mungu ajue ni Wakristo.

13 Septemba, Jumapili

Ndoo ya 13. Afadhali ningekaa kitandani.

Kumbe msalaba ni wa upande wa wafu. Kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Padri Iustin ana miezi mitatu hapa, bado hajui nani ni nani. Anasoma haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alianza na walio hai, akawaombea afya njema na maisha marefu duniani: baba mkwe wangu, Zamfir, Floarea. Halafu mama mkwe. Mama mkwe wangu ana miaka kumi na tisa kaburini. Padri alipomwombea maisha marefu nilichungulia mlangoni.

Saftica akageuka kunitazama. Zamfir alikuwa mumewe na alikuwa mlevi. Hamtaki tena.

Zikaja sala za wafu, kila mtu kapiga magoti, mishumaa imewashwa.

"Umpumzishe, Bwana, mtumishi wako aliyelala, Pantelimon," padri akaimba. Akasogeza karatasi kwenye mwanga. "Akili na ufahamu."

Nyuma yangu Gogu akasema, "Sasa ndiyo anapewa? Amechelewa."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Padri hakusikia.

"Na mtumishi wako Saftica, aliyelala."

"Nani kalala?" Saftica akainuka. "Niko hapa! Nimesimama!"

"Na mtumishi wako Gogu."

Kicheko cha Gogu kikakatika.

Meya hakuwepo kanisani. Ameambiwa kabla ya chakula cha mchana.

14 Septemba

Ndoo ya 14. Jiwe limemwangukia Gogu kwenye kidole cha mguu. Amekuja kwangu akichechemea, ukucha uliong'oka mkononi ndani ya leso, amenionyesha.

"Siku moja tu, shemeji! Siku moja baada ya kuniombea!"

"Ulikuwa umevaa helmeti?"

"Miguuni nivae helmeti?"

Saftica amelala kitandani. Anasema ameitwa jina mbele ya altare na hawezi kujifanya hakusikia. Ndoo nimeiacha mlangoni. Alipaza sauti kutoka kitandani: "Mungu amlaze pema! Haijajaa!"

15 Septemba

Ndoo ya 15. Tumekwenda watatu kwa padri, mmoja anachechemea, mwingine anakufa. Padri alikuwa anachuma plamu, kanzu kaifunga kiunoni, buti zimejaa tope. Alipoelewa alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi.

"Mama Saftica, Mungu anajua nani yuko hai."

"Mungu anajua, Baba. Ila yule malaika anayepeleka karatasi, huyo kasoma shule?"

Padri akajifuta mikono. Amekubali kusoma upya Jumapili, upande ulio sawa. Saftica ameagiza jina lake lisomwe mara tatu.

Wenzangu walipoondoka nikabaki. Nikamuuliza wazi. "Baba, mke wangu aliniona mjinga?"

"Mbona unauliza hivyo?"

Nikamwonyesha yale maneno. Akasema hayo si matusi. Mitume walikuwa wanawaombea hivyohivyo watu waliowapenda, wapewe hekima ya rohoni, wayafahamu mapenzi ya Mungu.

"Kwa hiyo hakuniona mjinga."

Padri akatafuna plamu. "Sikusema hivyo. Nimesema alikupenda."

"Sasa alitaka nifahamu nini?"

"Omba mwenyewe, uambiwe."

Saftica anasema roho inazunguka nyumba mpaka siku ya arobaini, baada ya hapo inaenda moja kwa moja. Basi nina siku ishirini na tano. Akiondoka sina wa kumuuliza.

16 Septemba

Ndoo ya 16. Nimeomba. Nilisimama mbele ya sanamu ya ukutani nikasema: Bwana, mimi ni Pantelimon, nipe akili na ufahamu. Nikangoja mpaka supu ikachemka. Hakuna kilichokuja.

17 Septemba

Ndoo ya 17. Akili bado.

18 Septemba

Ndoo ya 18. Akili bado. Nimechuma plamu za Gogu.

19 Septemba

Gogu tena njiani, na mguu wake umefungwa bendeji. "Shemeji, kama unakubali Floarea alikuwa mzuri mno kwako, usiseme kitu."

Nikasema kitu. Nilisema vitu vingi, maji yote yakanimwagikia miguuni. Ndoo haihesabiki ukisema njiani. Nimerudi chemchemini kuanza upya, kilomita moja na nusu, goti linalia.

Niliporudi alikuwa bado amesimama palepale, kavua kofia. Hakusema neno. Amenifuata nyuma mpaka kwa Saftica.

Ndoo ya 19.

20 Septemba, Jumapili

Ndoo ya 20. Padri amesoma sawa. Saftica mara tatu kwa walio hai. Mara ya tatu aliitikia, "Nipo!"

Mvua imeanza.

21 Septemba

Ndoo ya 21. Mvua. Kichwa wazi. Akili bado.

22 Septemba

22. Mvua. Bado.

23 Septemba

Ndoo ya 23. Mafua. Nimeomba nikipiga chafya. Saftica anasema nifunge kitambaa kichwani, Floarea ataelewa. Nikamwambia hapa wa kuelewa ni mimi, yeye keshaelewa.

25 Septemba

Ndoo ya 25. Nimegombana na Saftica, kijiji kizima kimesikia.

Nilikuwa nimeshampa maji nikasahau ndoo yangu. Nikarudi kuichukua. Nikamkuta nyuma ya nyumba anamimina maji ya Floarea kwenye karai la mabata bukini. Bukini kumi na wawili, wananyoosha shingo, wanakunywa.

"Saftica! Maji ya mke wangu unawapa bukini?"

"Ulitaka nifanyeje, jirani? Ndoo nzima kila siku! Mimi ng'ombe?"

"Nabeba kilomita moja na nusu kwenye tope! Mdomo nimeufunga! Kichwa kinalowa! Halafu huko aliko anakunywa baada ya bata!"

"Nakunywa kikombe kizima asubuhi, napiga ishara ya msalaba, namtaja kwa jina! Baridi mpaka meno yananiuma! Kilichobaki wanakunywa hawa. Na hawa unajua ni wa nani?"

"Ni wako."

"Ni wa arobaini ya Floarea, bwege wewe! Siku ile watu wote watakuja. Ulidhani watakula nini? Helmeti?"

Sikuwa na la kusema, na ndoo ilikuwa tupu, ningeweza kusema.

Siku ishirini na tano sikuwahi kufikiria chakula cha arobaini. Nilidhani chakula kinakuja chenyewe. Miaka thelathini na moja kilikuwa kinakuja chenyewe.

Saftica akaniambia, "Funga mdomo, mvua inaingia."

Akili: labda punje moja. Sina hakika.

26 Septemba

Ndoo ya 26. Nimetengeneza uzio wa bukini. Hakuniomba.

29 Septemba

Ndoo ya 29. Padri alipita, mvua imemlowesha. Nikamkausha jikoni, nikampa kiglasi cha pombe ya plamu. Nikamwambia naomba kila siku, sioni kitu. Labda nakosea maneno.

Akasema, "Mimi nimesoma miaka tisa. Naomba hilohilo kila asubuhi."

"Umepata?"

"Bado."

"Na ile miaka tisa walikufundisha nini?"

"Kuimba haraka."

Tukanywa kingine. Nilikuwa namwona mtoto wa mjini. Si mtu mbaya. Kumbe kilichokuwa kinamharakisha siku ile ni sufuria kweli, hana mtu wa kumpikia mpaka mkewe ahamie huku, maana mapadri wetu huoa. Nikamfundisha supu ya vitunguu. Imo kwenye daftari hilihili, upande wa mbele.

2 Oktoba

Ndoo ya 32. Nilianguka karibu na chemchemi. Gogu akaniinua, akaniwekea ndoo yangu begani. Tumetembea mabubu wawili.

4 Oktoba, Jumapili

Ndoo ya 34. Leo nilisimama ndani ya kanisa, nje wanaume wanaongea habari za mvua peke yao. Baada ya sala padri akaniambia, "Mzee Pantelimon, arobaini inakuja. Itazame ile karatasi ya mkeo, usije ukamwacha upande wa walio hai. Wajane wengi wanasahau kufuta."

Nikasema nitafuta.

5 Oktoba

Ndoo ya 35.

Nilichukua kalamu jana jioni nimfute. Hai: Pantelimon, Saftica, Gogu, meya. Nikasoma tena. Pantelimon, Saftica, Gogu, meya. Nikageuza. Nikainua kwenye taa, labda wino umefifia.

Floarea hayumo. Hakuwahi kuwemo. Karatasi ile ameitumia miaka na miaka, kaandika mpaka meya, yeye mwenyewe hajajiandika.

Leo nimempa Saftica maji, kisha nikamuuliza.

Akaiweka ndoo chini. "Umechelewa kuuliza. Mimi nilimuuliza tangu mwaka ule ng'ombe wenu alipokufa. Nikamwambia, wewe mwanamke, mbona humo kwenye karatasi yako? Akasema mtu hajiandiki mwenyewe, kila mmoja anamwandika mwenzake. Mimi namwandika Pantelimon, Pantelimon ataniandika mimi."

"Hakuniambia."

"Nilimwambia akwambie! Nikamwambia, yule? Yule anasimama nje anaongea habari za mvua! Akasema, sitaki aniandike kwa kuambiwa. Namwombea tu afahamu."

Nikakaa juu ya ndoo tupu ya bukini. Imepinda.

"Kwa hiyo miaka yote hii hakuna aliyemwandika."

"Mimi nilimwandika," Saftica akasema. "Ningemwacha hivihivi akikusubiri wewe? Kila Jumapili, wa kwanza, kabla ya miguu yangu inayouma." Kisha akasema, "Usilie hapa, jirani. Bukini wanatazama."

6 Oktoba

Ndoo ya 36. Kwa hiyo alikuwa sahihi. Nilikuwa mjinga. Nilitaka kujua, nimejua.

Sikuomba leo. Sikujua niombe nini tena.

7 Oktoba

37. Niliomba. Nilisema: Bwana, ni mimi. Basi.

9 Oktoba

Ndoo ya 39. Saftica na wanawake wamechinja bukini. Mimi nilimenya vitunguu, vyote, karai mbili. Gogu akauliza mbona nalia. Nikasema vitunguu. Akasema, "Kama ni vitunguu, usiseme kitu." Sikusema kitu. Akachukua kisu akakaa, tukamenya.

10 Oktoba, Jumamosi

Ndoo ya 40.

Mvua imekatika. Tulikwenda mtoni asubuhi kuyaachilia maji, yamfikie marehemu. Saftica aliweka mshumaa kwenye ganda la boga, akauwasha, akaliacha lielee. Mimi nikaingia mpaka magotini, maji kama visu, nikasema inavyopaswa, mara tatu: "Jua shuhudia, mto shuhudia, Saftica shuhudia, nimempa Floarea ndoo arobaini."

"Moja ilimwagika," Saftica akasema kutoka ukingoni.

"Nilirudi kuiteka!"

"Najua. Nataka mto nao ujue."

Ganda likazunguka mara mbili kwenye jiwe, kisha likaenda.

Kanisani nilikuwa nimempa padri karatasi mpya. Msalaba upande wake. Nimeiandika jana meza ikiwa imejaa maganda, inanuka. Padri Iustin leo alisoma polepole. Alifika kwa wafu: baba mkwe, mama mkwe, Zamfir. Mwisho akafika nilipotaka afike.

"Umpumzishe, Bwana, mtumishi wako aliyelala, Floarea." Akasogeza karatasi kwenye mwanga. Akanitazama. Kisha akaisoma kama nilivyoandika, kwa wimbo uleule. "Na umwambie, mumewe amefahamu."

Gogu alikuwa nyuma yangu. Nilimsubiri aseme. Alipenga kamasi kwa kishindo.

Watu wamekula bukini wote kumi na wawili na ngano tamu ya marehemu mpaka punje ya mwisho. Meya alikula sahani mbili, akauliza kama bado nina kinyongo naye. Nikamwambia kuhusu daraja, ndiyo.

11 Oktoba, Jumapili

Hakuna ndoo. Miguu ilinipeleka chemchemini yenyewe, nikafika mikono mitupu. Nikanywa mwenyewe, nikarudi.

Nimenyoa ndevu. Chini yake kuna mzee nisiyemjua.

Saftica alikuja kuchukua sahani zake. Akazihesabu. Karatasi yake ya majina ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa aproni, nikaichomoa kabla hajanizuia. Floarea kamhamishia kwa wafu, wa kwanza. Kwa walio hai, juu kabisa, kabla ya miguu yake: Pantelimon, akili.

"Akili tu?" nikamwambia. "Na ufahamu?"

"Tuanze na akili."

Nikamwonyesha yangu. Saftica nimemweka wa kwanza. Mbele ya jina lake nimeandika: sauti ipungue kidogo. Amesoma, amenipiga na kitambaa cha sahani, ameondoka anacheka. Nimemsikia akicheka mpaka ndani kwake.

Gogu ameniletea helmeti mpaka mlangoni. Nimeijaribu. Inabana, kichwa kimezoea mvua. Nimeomba nikiwa nayo kichwani, nikakumbuka, nikaivua, nikaanza upya.

Saa ya ukutani bado inapiga kelele. Nimeitia ufunguo.

Kesho narudi kazini.